Waya Uliobaki Mabatini

Siku tuliyohama Mabatini kwenda Mkolani nilisimama kando ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tangu asubuhi, nikitazama kila kitu kinachopakiwa. Vijana wa kubeba waliona ninawasumbua. Mmoja aliniuliza kwa adabu kama ninataka kuketi kivulini, nikamwambia nitaketi Mkolani. Sufuria ndogo zilipita mbele yangu, godoro likapita, masanduku ya vitabu yakapita, na kila kilichopita nilikitazama tena kilipofika kwenye gari, maana njia kutoka mlangoni hadi barabarani ilikuwa na kona, na konani vitu hupungua.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kuomba radhi. Muuza mkaa hujaza chenga katikati ya gunia, na juu anapanga vipande vizuri vya kukutega. Dalali wa vyumba hukwambia maji yapo, na kweli yapo siku hiyo anayokuonyesha. Mabatini tulikuwa wapangaji wanne kwenye mita moja ya umeme, na kila umeme ulipoisha kabla ya wakati tulichunguliana madirishani kujua nani anapikia jiko la koili kwa siri. Mtu akiishi hivyo bila kushuku jirani yake, huyo ndiye wa kushangaza. Hata mume wangu nilikuwa namkagua mifuko kabla ya kufua, na alikuwa ananicheka.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemwacha nje ya mambo hayo: mzee mwenye nyumba.

Alikuwa mtu wa kwetu, Kagera, mstaafu wa serikali, anaishi nyumba ya mbele katika uwanja uleule. Siku ya kwanza tulipokuja kuuliza chumba alinisikia ninavyotamka, akanisalimia kwa Kihaya, na mambo ya kushuku yakaishia hapo. Nilimwita Baba. Jumapili alisoma somo kanisani kwa sauti ya kutulia, miwani ikiwa puani. Msimu wa senene, wale panzi wa kwetu wa kuliwa, mama alipoandaa kopo na kulituma kwa meli kutoka Bukoba, kabla hatujaonja nilikuwa nimeshampelekea sahani yake. Nikimlipa kodi alinirudishia chenji nami naitia mkobani bila kuihesabu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mwingine yeyote mjini Mwanza.

Mume wangu ni mtu wa Majita, mtoto wa wavuvi wa ziwa upande wa Mara, fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki. Nilikuwa nikimtania kwamba watu wa kwao wanamwamini yeyote anayewasalimia vizuri. Akinunua kitu sokoni namwuliza muuzaji alimwita kaka au alimwita bosi, kwa sababu akiitwa bosi huongeza hela. Alikuwa anacheka na kusema ndiyo maana alinioa, apate mlinzi.

Intaneti ya waya tuliiweka tukiwa hapohapo Mabatini. Mimi nahariri vitabu vya shule nikiwa nyumbani, na kazi hiyo ni kupokea na kutuma mafaili mazito yenye picha za maua na mifupa. Kwa vifurushi vya simu nilikuwa nafanya kazi ili ninunue vifurushi vya kufanyia kazi. Kampuni ilipofikisha waya mtaani kwetu nilimwomba mzee ruhusa ya kutoboa ukuta, akakubali kabla sijamaliza kuomba. Kitambulisho changu cha taifa kilikuwa bado hakijatoka, kwa hiyo huduma ikasajiliwa kwa jina la mume wangu. Fundi alikuja na kimashine chake cha alama za vidole, mume wangu akabonyeza kidole gumba, na rauta ikafungwa ukutani juu ya meza yangu. Ilikuwa na taa za kijani. Kona yake moja ilikuwa na ufa, nikaibandika plasta ya kidonda.

Tulipoamua kuhama, suala la intaneti nililipanga mapema kwa sababu hapo ndipo hela hupotea bila mtu kuona. Mkolani waya ulikuwa haujafika mtaa wetu mpya. Nikaona hakuna maana ya kulipia kitu tusichoweza kuhama nacho. Tuiache, turudi kwenye vifurushi vya simu, waya ukifika tutaanza upya. Laini ilikuwa ya mume wangu, nikamwambia siku ya kuhama akaifunge yeye. Siku hiyo, vitu vikiwa bado vinapakiwa, alitoka, akarudi akasema ameshamaliza, watu wa kampuni watakuja kuichukua rauta yao, tuiache palepale ukutani.

Hilo la kuiacha ukutani sikulipenda. Lakini mzee alikuwa amesimama mlangoni, akasema tusihangaike, yeye atawapokea. Kwa kuwa aliyesema ni yeye, niliiacha.

Mkolani ni pazuri, ila mtandao wa simu ulikuwa unafika kwenye dirisha la jikoni tu. Niliweka kompyuta kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na sufuria ya maharage, na ukurasa ukigoma kutoka nilikuwa nainyanyua simu juu ya kichwa. Vifurushi viliisha haraka. Nilianza kumnyima mume wangu taarifa ya habari kwenye simu, nikimwambia asikilize redio kama baba yake. Naye alikuwa amebadilika. Aliacha kula chakula cha mchana kazini, akawa anabeba viazi. Viatu vyake vilifunguka soli akaviunga kwa gundi. Nikimwuliza, anasema kiwandani samaki wamepungua na saa za ziada hakuna. Nilimwamini, kwa sababu samaki kweli walikuwa wamepungua.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Sikuipekua simu ya mume wangu, lazima nilieleze hili vizuri. Alikuwa bafuni, simu iko mezani, ikatoa mlio, kioo kikawaka, na mimi nina macho. Ujumbe ulisema: ndugu mteja, malipo yako ya intaneti ya nyumbani yamepokelewa, huduma yako itaendelea kwa mwezi mwingine.

Nikaukazia macho ule ujumbe. Intaneti ya nyumbani. Nyumbani ndipo nilipokuwa nimesimama, na intaneti ya hapo ilikuwa inashikiliwa juu ya kichwa. Sasa ndiyo nikaipekua simu. Nyuma ya ujumbe ule kulikuwa na mwingine kama huo wa mwezi uliotangulia, na nyuma yake mwingine, mpaka mwezi tuliohama. Hakuwahi kufunga kitu. Kila mwezi alikuwa analipia ile nyumba ya Mabatini.

Niliirudisha simu mezani ikielekea vilevile ilivyokuwa imeelekea. Alipotoka nilimmiminia chai. Sikumwuliza neno, kwa sababu ukimwuliza mtu unampa nafasi ya kutunga jibu, na mimi nilitaka kulijua jibu kabla yake.

Jumapili nzima nilikaa na jambo lile kifuani. Kanisani sikusikia hata somo. Mjini kwetu hakuna asiyejua maana yake mwanamume akilipia gharama za nyumba asimolala. Nilivyozidi kufikiri ndivyo mambo yalivyozidi kujipanga: viazi vya mchana, gundi ya viatu, saa za ziada zilizopotea. Mshahara haukuwa umepungua, ulikuwa umegawanywa. Nilimtazama akimenya ndizi jikoni, akiimba kwa sauti ya chini, nikajiuliza anamwimbia nani. Niliumia sana. Nilikuwa nimekagua mifuko ya mtu huyu miaka yote na sikuwahi kupata hata tiketi, na sasa nikaona kumbe nilikuwa nakagua mahali pasipo na kitu.

Jumatatu alipoondoka kwenda kazini nilichukua bodaboda mpaka Mabatini.

Mlango uliokuwa wetu ulifunguliwa na binti. Nilimtazama kuanzia kucha hadi nywele. Alikuwa amevaa koti jeupe la duka la dawa, anajiandaa kwenda kazini, na alikuwa mzuri, nisiseme uongo. Aliniambia shikamoo. Nikaitikia marahaba, huku ile shikamoo yenyewe nikiishuku, maana sikuona kama nimemzidi kiasi hicho. Nilimwambia mimi ndiye mpangaji aliyehama, kuna kitu nadhani nilikisahau. Akanikaribisha ndani bila wasiwasi.

Rauta ilikuwa palepale. Taa za kijani zote, na plasta yangu ya kidonda kwenye kona. Simu ya binti ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, inaonyesha video ya mapishi peke yake, haina mtazamaji, kama kitu ambacho mtu halipii.

Nikamwuliza intaneti hii analipia nani.

"Si imo ndani ya kodi, dada?" alisema. "Mzee aliniambia chumba hiki kina intaneti yake, ndiyo maana kodi yake iko juu kuliko vingine."

Mtu mwingine yeyote angeelewa palepale. Hata muuza mkaa angeelewa. Mimi nilichosikia ni kwamba jibu limekuja haraka mno, limenyooka mno, na limemtaja mzee wa watu ambaye hayupo kujitetea. Nikajiambia huyu amefundishwa. Nilimshukuru, nikamwambia kitu chenyewe nadhani kiko Mkolani, nikavuka uwanja kwenda nyumba ya mbele.

Mzee alikuwa sebuleni na gazeti. Alifurahi kuniona. Aliniuliza habari za mama, habari za mvua za Bukoba, akaniletea kisahani cha punje za kahawa za kutafuna, zile zetu zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo Mwanza hupati mpaka uwe na mtu. Nilikaa kwenye kochi lake nikatia punje mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikajisikia niko kwa watu wangu. Nikamweleza yote. Nikamwuliza, kwa lugha ya nyumbani, kama anajua kwa nini mume wangu analipia chumba kile, na yule binti ni nani wake.

Alikunja gazeti.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni mwenye nyumba tu. Mambo ya waya ni ya mumeo, kidole kilichobonyezwa ni chake. Mwanamume akilipia mahali ana sababu yake. Usinitie katikati."

Hakumtaja binti kwa jema wala kwa baya. Alinyamaza tu, na mimi ule unyamavu nikaujaza mwenyewe. Nililia kwenye kochi lile. Alinipa leso yake. Nikamwambia nafikiria kwenda Bukoba kwa mama nikapumzike, akasema si vibaya, mtu akipumzika kichwa hutulia, na kwamba nisianze kupiga kelele mjini kuhusu mambo ya malipo, nitajiaibisha. Nikamwona ana busara. Alinisindikiza hadi barabarani.

Kutoka pale nilipitia ofisi ya kampuni mjini. Nilitaka kujua kitu kimoja, kama mume wangu anaweza kuwa na udhuru wowote. Dada wa kaunta nilimwuliza kwa jumla, bila kutaja jina: mtu akihama nyumba ya kupanga na kuacha intaneti ya waya, anadaiwa? Kuna mkataba unaomshika? Akasema huduma hii ni ya malipo ya kabla. Anayehama anaweza kuomba wamhamishie kama waya umefika anakokwenda, au anaiacha na kurudisha kifaa. Asipolipa inakatika yenyewe, basi. Nikamwuliza mara ya pili kama ni kweli hakuna kinachomlazimisha, akasema hakuna, mama, ni hiari yake.

Hiari yake. Nililibeba neno hilo hadi Mkolani. Nilimpigia dada yangu nikamwambia nakuja na meli ya kesho yake, asimwambie mama sababu. Nilipanga nguo kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda. Halafu nikaketi jikoni kumsubiri.

Alirudi jua likiwa bado lipo, ananuka barafu na samaki kama kawaida. Kabla hajavua viatu nikamwuliza nani anakaa Mabatini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: kwa hasira, kwa kiapo, kwa jina la mwanamke. Hakufanya hata moja. Aliketi kwenye kindoo kilichopinduliwa, akaangalia mikono yake, akasema alijua siku moja nitaona.

Akanieleza. Siku ile ya kuhama, mimi nikiwa kando ya kirikuu na sufuria zangu, mzee alimwita nyuma ya nyumba, karibu na bomba. Alimwambia amesikia tunataka kuiacha intaneti, na yeye kama mtu aliyefanya kazi serikalini lazima amwonye. Kwamba ile ruhusa ya kutoboa ukuta aliisaini yeye kama mwenye nyumba, na inamfunga aliyeweka kidole kwa miaka miwili. Akiacha kulipa kabla muda haujaisha, watafunga kila laini iliyosajiliwa kwa kidole hichohicho: laini ya kupigia, laini inayopokea mshahara, na ile aliyomsajilia mama yake Majita, ambayo anamtumia hela za dawa. Hatasajili laini nyingine nchi hii. Njia ya amani ni kulipa kila mwezi kimyakimya mpaka muda uishe, na kifaa kibaki ukutani, kisiguswe.

"Kwa hiyo hukwenda kuifunga," nikasema.

"Niliogopa hata kupita mbele ya ofisi yao, mama," alisema. "Laini naweza kuitupa. Kidole nitakitupa wapi?"

Nilimwambia nimetoka kwenye ofisi hiyo leo. Nikamrudia maneno ya dada wa kaunta, moja moja. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Hapo ndipo yule binti wa koti jeupe aliponirudia masikioni: ndiyo maana kodi yake iko juu. Mwenye nyumba alikuwa anauza intaneti ambayo mume wangu alikuwa anailipia kwa viazi vya mchana. Damu ilinipanda. Nilitaka kurudi Mabatini saa ileile nikamwite mzee uwanjani mbele ya wapangaji wote, kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Mume wangu akasema tusilipe tu mwezi ujao, tuone. Na kweli hatukulipa, ikakatika yenyewe kama tulivyoambiwa. Simu ya mama yake Majita inaita mpaka leo. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jioni ile bado nilikuwa na hasira ya kumgawia kila mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia hilo la mzee nimelielewa, lakini yeye alinitazama usoni akasema ameifunga, akaniacha nahangaika na simu dirishani huku anajua. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Mimi ambaye nashuku hata chumvi, mimi ambaye nisingekubali kutishwa na mtu kwa habari za kidole, kwa nini hakuniambia siku ileile, tukiwa bado hatujaondoka?

Alikuwa anavua kiatu chenye gundi. Alikiweka chini taratibu, akaniangalia.

"Ningekuambia baba yako yule ananitisha," alisema, "ungemwamini nani?"

Aliuliza kwa upole, bila kunisuta, kama mtu ambaye kweli hajui na angependa kuambiwa. Hakuwa ameliona begi chini ya kitanda. Hakujua kwamba mchana ule nilikuwa nimeketi kwenye kochi la mzee, namlilia kwa Kihaya, na kwamba swali lake nilikuwa nimeshalijibu.